Elimu ya Molekuli Isiishie Kwenye Cheti

Miongoni mwa masomo wanayoyachukua vijana wa visiwa vyetu katika vyuo vikuu, limo moja ambalo wazazi wengi wanaona tabu hata kulitamka. Nalo ni baiolojia ya molekuli. Mzazi akiulizwa mwanawe anasomea nini, hujibu kwa wasiwasi kuwa anasomea mambo ya maabara, kisha huongeza kwa matumaini kuwa, Inshaallah, atakuja kuwa daktari. Hatakuwa daktari. Basi atakuwa nani? Na akisharejea nyumbani, Serikali na sisi wananchi tutamtumia kwa kazi gani? Hilo ndilo swali la safu hii leo, na tunaliuliza kwa sababu gharama yake ni fedha za umma na umri wa watoto wetu.

Kwanza nieleze kilichonisukuma kushika kalamu. Hivi karibuni nilikwenda katika afisi moja ya umma kufuatilia waraka. Aliyenipokea ni binti mmoja wa Pemba, mtoto wa mkulima, mwenye adabu na mwepesi wa kazi. Alikuwa akiandika katika daftari kubwa barua zinazoingia na zinazotoka. Katika mazungumzo nikapata kujua kuwa amesoma miaka mitatu Tanzania Bara, na ana shahada ya kwanza ya baiolojia ya molekuli. Nikamuuliza, "Mwanangu, daftari hili na hayo uliyosomea yanakutana wapi?" Akatabasamu, akajibu, "Hayakutani, mjomba. Namshukuru Mungu nina kazi, wenzangu wengine hawana. Lakini mikono yangu inaanza kusahau."

Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani na hayakunitoka. Ukarani ni kazi ya heshima, wala hakuna afisi inayokwenda bila ya karani. Lakini mtu aliyefunzwa kusoma maandishi ya uhai, akawekwa kusajili barua, ni hasara ambayo haiandikwi katika kitabu chochote cha mahesabu. Na kwa kuwa haiandikwi, hakuna anayeulizwa.

SOMO LENYEWE

Wapo viongozi wanaodhani kuwa elimu hii ni anasa ya nchi tajiri. Pengine tukilieleza somo lenyewe, wataona wenyewe kama ni anasa au si anasa.

Kila chenye uhai, awe mtu, mkarafuu, papa au kijidudu cha malaria, kimejengwa kwa seli. Ndani ya seli mna uzi mwembamba mno uitwao DNA, na katika uzi huo yamo maagizo ambayo kiumbe hujengwa na kuendeshwa kwayo. Uzi uliomo ndani ya seli moja tu ya mtu, lau ungenyooshwa, ungefika kiasi cha mita 2. Maandishi yake yana herufi nne tu, nazo hutajwa A, T, G na C. Juzuu nzima ya mtu ina herufi zipatazo bilioni 3. Katika sehemu zinazoagiza ujenzi wa protini, herufi husomwa tatu tatu; kila tatu huagiza kiungo kimoja kiitwacho asidi amino, na asidi amino zikiungamana huwa protini, ambazo ndizo watumishi wa mwili. Umbo la uzi huo, mfano wa ngazi iliyosokotwa, lilibainishwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick huko Cambridge, Uingereza, nao walinufaika na kazi ya picha za eksirei iliyofanywa London na mwanamke mmoja, Rosalind Franklin.

Sisi tuliokaa juu ya jamvi mbele ya maalim, tukasoma kutoka alifu hadi yee, hatuna haja ya kustaajabu tukiambiwa kuwa herufi moja yaweza kugeuza jambo zima. Mtoto akisoma fat-ha pahala pa kasra, maalim humsimamisha hapo hapo, kwani maana imekwisha kubadilika. Ndivyo ilivyo katika damu. Ugonjwa wa selimundu hutokana na herufi moja. Pahala palipostahili kuandikwa GAG pameandikwa GTG. Asidi amino moja imeondoka na nyingine imeshika nafasi yake. Matokeo yake, chembe nyekundu ya damu, ambayo kwa desturi ni ya mviringo, hupinda mfano wa mundu, ikaziba mishipa midogo na kumtia mtoto maumivu yasiyosemeka. Yote hayo kwa herufi moja katika bilioni 3.

Ugonjwa huo una nafasi maalumu katika historia ya somo hili. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wa Marekani walionyesha kuwa asili yake ni kasoro ya molekuli, na jambo hilo lilikuwa jipya katika elimu ya tiba. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake hapa Afrika ya Mashariki, alionyesha kuwa aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu kasoro hiyo imeenea zaidi katika nchi zilizozoea malaria, na pwani yetu ni miongoni mwa nchi hizo. Hapana laana hapo wala uchawi. Mume na mke wakiwa wote wamebeba kasoro hiyo, bila ya wao wenyewe kuugua, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Hesabu hiyo inafaa kujulikana na kila kijana kabla ya kuoa au kuolewa, na wa kuieleza kwa ufasaha ni yule aliyeisomea.

KAZI YA MKONO

Somo hili halisomwi kwa macho peke yake. Kwa desturi mwanafunzi huanza na kemia, hisabati na elimu ya seli, kisha huingia katika elimu ya urithi, biokemia na elimu ya virusi na bakteria. Lakini moyo wa somo umo maabarani. Humo hujifunza kushika pipeti ndogo inayopima ujazo wa sehemu moja ya milioni ya lita, mkono usitetemeke. Hujifunza kuutoa uzi wa DNA katika nyama, katika jani, katika tone la damu. Jaribio la mwanzo kabisa ni rahisi mno. Ndizi mbivu hupondwa kwa maji, chumvi na sabuni ya maji, ikachujwa, kisha juu yake ikamiminwa polepole spiriti iliyopozwa sana. Mara huonekana nyuzi nyeupe zikielea mfano wa pamba iliyoroa. Hiyo ndiyo DNA ya ndizi, na mtoto wa skuli yoyote ya Micheweni au Makunduchi anaweza kuiona kwa macho yake bila ya mashine hata moja.

Baada ya hapo huja mbinu iitwayo PCR. Jina hilo lilienea bandarini na viwanja vya ndege kuanzia mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, pale wasafiri walipodaiwa vyeti. Wengi walilitaja jina wasijue kitu chenyewe. Mbinu hiyo aliibuni Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983. Kazi yake ni kuchukua kipande kidogo cha DNA na kukinakili. Mchanganyiko hupashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 95 ili pande mbili za ngazi ziachane, hupozwa kidogo, kisha hupashwa hadi nyuzi 72 ili kimeng'enya kijenge upande unaokosekana. Kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne, na mzunguko ukirudiwa mara 30, kwa hesabu ya karatasini, kipande kimoja huzidi bilioni moja. Kimeng'enya kilicho maarufu zaidi katika kazi hiyo asili yake ni bakteria waliogunduliwa katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone, Marekani, ambao hawafi kwa joto linaloua wengine.

Nakala zikishapatikana, hutenganishwa kwa ukubwa wake juu ya jeli, kwa nguvu ya umeme. Na jeli hiyo hutengenezwa kwa nini? Hutengenezwa kwa agarosi, na agarosi hutokana na mwani mwekundu. Si aina hasa wanayoipanda mama zetu wa Paje na Jambiani, ambayo hutoa karajini ya kuzitia uzito dawa ya meno na vyakula, lakini ni ya kundi hilo hilo la mwani mwekundu. Mtoto wa mkulima wa mwani anaposoma DNA yake juu ya jeli, anaisoma juu ya jamaa wa zao lililomlipia madaftari ya skuli.

Hapa ndipo penye tatizo letu la kwanza. Binti yule aliniambia kuwa katika baadhi ya masomo ya vitendo wanafunzi walikuwa wengi na pipeti chache, hivyo mmoja alifanya na wenzake wakatazama. Aliyetazama mtihani hupita, kwani jibu limo kitabuni. Lakini mkono haukujifunza. Shahada ya namna hiyo ni sawa na mtu aliyesomea ubaharia akiwa amekaa barazani.

Tatizo la pili ni umeme. Vimeng'enya vya kazi hii huhifadhiwa katika ubaridi wa nyuzi 20 chini ya sifuri. Vikipata joto kwa muda, huharibika, na fedha iliyovinunua imekwenda. Sote tunakumbuka kuwa kisiwa cha Unguja kilikaa gizani kiasi cha mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa kiasi cha miezi mitatu tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Waya mpya umelazwa tangu hapo na hali si ile. Lakini anayepanga maabara hapa visiwani bila ya kupanga jenereta au nishati ya jua kwa majokofu yake, hajajifunza kitu katika historia yetu wenyewe.

KAZI IPO TELE

Watasema wengine: basi kwa nini tusomeshe watu kwa elimu isiyo na kazi? Jawabu ni kuwa kazi ipo tele, ila haijaandikwa katika ikama.

Tuanze na muhogo, chakula cha kila nyumba. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtaalamu H. H. Storey aliyekuwa Amani, Tanganyika. Huletwa na virusi, na huenezwa na inzi weupe na kwa kupanda pingili zenye ugonjwa. Ubaya wake ni unafiki. Majani huweza kusimama ya kijani, mkulima akajua ana chakula, na siku ya kung'oa akakuta muhogo umeoza kwa ndani, mkavu na wa kahawia. Mwaka 2007 mbegu zenye kuhimili zaidi zilitolewa hapa Zanzibar, zikiwamo zilizopewa majina ya Kizimbani na Mahonda, na wakulima walizipokea kwa furaha. Lakini mbegu njema huweza kubeba virusi ikipandwa pasipo uangalizi. Jicho la bwana shamba haliwezi kuviona virusi katika shina lisiloonyesha dalili. Mtaalamu wa molekuli anaweza, kwa kipande cha jani, kabla pingili hazijagawiwa vijijini.

Tuje kwenye mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kimewapa wanawake wa pwani fedha iliyo mikononi mwao wenyewe. Aina mbili ndizo zilizoenea, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayokufa zaidi: hupauka, hulainika, hukatika, na bamvua likija mkulima hukuta kamba tupu. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2013 na 2015 ulionyesha kuwa mwani unaolimwa huku asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, kwamba tofauti za urithi ndani yake ni ndogo, na kwamba umeenea hata katika miamba iliyokuwa na mwani wa kienyeji. Maana yake kwa mkulima ni nini? Ni kuwa mashamba ya pwani nzima yanakaribia kuwa mmea mmoja uliokatwakatwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Na mwani wa asili wa bahari yetu, ambao pengine ndani yake imo mbegu ya kutuokoa, unafunikwa kabla hatujaujua. Nani atauchunguza, kipande kwa kipande, kutoka Nungwi hadi Kizimkazi na kutoka Tumbe hadi Mkoani? Ni kazi ya vijana wetu, tena ya miaka mingi.

Na malaria je? Fahari yetu ni kuwa kwa vyandarua, kupulizia dawa majumbani na tiba, maambukizi ya malaria hapa visiwani yamekuwa yakipimwa chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Lakini adui anayekaribia kushindwa hujificha. Wapo watu wenye vijidudu vichache mno katika damu, hawaumwi, na hadubini haivioni. Ila mbu anaweza kuvichukua na kuvipeleka kwa jirani. PCR huviona. Matone ya damu ya watu wetu, yaliyokaushwa juu ya karatasi, yamesafiri hadi Stockholm, Sweden, yakapimwa huko na matokeo yakarudi. Tunawashukuru washirika wetu, nao wamefanya kazi ya kweli. Lakini kujitegemea hakukufutwa katika kamusi yetu. Ikiwa damu ni yetu na ugonjwa ni wetu, inapasa na wapimaji wawe wetu, na wapimie hapa hapa.

Wala hatuanzi na jangwa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Zipo taasisi za utafiti wa kilimo, mifugo, uvuvi na afya, na ipo Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiko Tunguu. Nyumba zipo. Kinachokosekana ni mlango kati ya chuo na meza ya maabara.

LA KUFANYA

Chama kina wajibu wa kuisimamia Serikali, na kusimamia si kusifu peke yake. Kwa hiyo tunasema wazi.

Kwanza, kijana asidhaminiwe kwenda kusomea somo hili kabla haijaandikwa atarudi kufanya kazi wapi. Wizara za afya, kilimo na uchumi wa buluu zikae pamoja, zihesabu mahitaji yao, na afisi inayosimamia utumishi iweke muundo wa kada hiyo. Mkopo wa elimu ya juu ni amana. Hauwezi kulipwa na mtu asiyekuwa na kazi.

Pili, tusinunue mashine kwa ajili ya siku ya uzinduzi. Mashine ya PCR bila ya vimeng'enya, bila ya fundi na bila ya jokofu lenye umeme wa uhakika ni samani. Kila maabara iwe na fungu lake la kila mwaka la vifaa vinavyokwisha, na fungu hilo lisiguswe kwa posho wala kwa safari.

Tatu, skuli zetu zisingoje msaada wa nje. Jaribio la ndizi linataka ndizi, chumvi, sabuni na spiriti. Mwalimu asiyelifanya asiseme hana maabara.

Nne, somo hilo chuo kikuu husomeshwa kwa Kiingereza, lakini mkulima wa Mahonda hataelezwa virusi vya muhogo kwa Kiingereza. Baraza la Kiswahili la Zanzibar likae na wataalamu hao, wasanifu maneno, waandike vijitabu. Tayari tunayo maneno kimeng'enya, selimundu na vinasaba, na hakuna aliyekufa kwa kuyatumia.

Nanyi vijana mnaosoma, msiridhike kutazama. Dai zamu yako ya kushika pipeti. Jifunze na takwimu na kompyuta, kwani herufi bilioni 3 hazihesabiwi kwa vidole. Na ukirudi, usione haya kuvua viatu ukaingia baharini pamoja na mama mkulima wa mwani, kwa sababu yeye ndiye anayejua mwani ulianza kufa mwezi gani na kwa upepo upi. Nanyi wazazi, msimvunje moyo mtoto kwa kuwa hataitwa daktari. Na wa kike msimuozeshe katikati ya somo. Vyombo vile havijui mwanamume wala mwanamke, vinajua mkono uliotulia.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mapinduzi yalitangaza elimu bila ya malipo, ili mtoto wa mkulima na mvuvi asome kama mtoto wa tajiri. Ahadi hiyo ilikuwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kumsomesha, na hiyo tumeifanya kwa kadiri ya uwezo wetu. Nusu ya pili ni kumpa pahala pa kuitumia elimu yake kwa faida ya wote, na hapo tungali na deni.

Wahenga walisema mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Katika afisi ile niliyoingia daftari lilikuwapo, limepangwa vizuri na kuandikwa kwa mwandiko safi. Mali ni yule aliyelishika. Wenye madaraka wamtafute, yeye na wenzake, wawarudishe maabarani kabla mikono haijasahau kabisa.